Kinga ya Kipindupindu Hupangwa Kiangazi: Mwongozo kwa Serikali ya Kijiji

Mgonjwa wa kwanza wa kipindupindu anapofikishwa zahanati akiwa amelegea juu ya bodaboda, muda wa maandalizi umekwisha pita. Ugonjwa huu unaweza kumuua mtu mzima mwenye afya njema saa chache tu baada ya kuanza kuharisha, na katika saa hizo mtendaji wa kijiji hawezi kuitisha kikao, kuomba fedha halmashauri, kununua klorini mjini na kuwafundisha watu namna ya kuitumia. Hata hivyo tiba yake inajulikana na si ya gharama kubwa: wagonjwa wakirudishiwa maji na chumvi mapema, anayefariki huwa chini ya mmoja katika kila 100. Kijiji kitakachozika watu na kijiji kitakachowauguza wakapona hutofautiana kwa yale yaliyofanywa miezi miwili au mitatu kabla ya mvua, barabara ikiwa bado inapitika.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, wajumbe wa kamati ya huduma za jamii na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mfano ninaoutumia ni kijiji cha kandokando ya Ziwa Victoria chenye mwalo wa wavuvi, yaani ufuo wa kushushia samaki, kwa sababu huko ndiko nilikofanya kazi kwa muda mrefu na ndiko mambo haya yanakoonekana bila kificho. Kijiji cha milimani au mtaa wa mjini utabadilisha vifaa na majina ya kamati, lakini mpangilio wa kazi ni uleule. Tanzania imekwisha pata mafunzo ya kutosha: mlipuko ulioanzia Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi na kuvuka hadi Zanzibar, na mapema mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, ugonjwa ulirudi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ikiwemo Mwanza, Simiyu na Shinyanga.

Tembea kijiji kizima kabla ya kupanga lolote

Kazi ya kwanza haihitaji fedha. Wajumbe wawili wa kamati, mhudumu wa afya na mtu mmoja anayekijua kijiji tangu utoto wazunguke vitongoji vyote kwa miguu wakiwa na karatasi kubwa, na kila mahali watu wanapochota maji wapatie alama. Wahesabu na yale mahali ambayo hayapendezi kutajwa mkutanoni: dimbwi la mchanga linalochotwa kiangazi, ufuo wa ziwa ambako vyombo huoshwa na maji ya kunywa huchotwa hatua kumi kutoka hapo, kisima cha pampu kilichoharibika na kuwarudisha watu kwenye lambo. Kisha waweke alama kwenye vyoo, kambi za wavuvi, shule, magenge ya mama lishe na eneo la mnada. Mwaka 1854, daktari John Snow aliweka alama za vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya mtaa wa Soho, London, na vifo vikaonekana vimelizunguka bomba moja la maji, wakati ambapo wengi waliamini kwamba ugonjwa huletwa na hewa chafu. Karatasi ya kamati yenu inafanya kazi hiyohiyo, na ina faida moja zaidi, kwamba mnaichora kabla ya vifo.

Fanyeni matembezi hayo alfajiri, wakati wa kuchota maji. Anayezunguka saa nne asubuhi atakuta visima vitupu na atarudi na majibu ambayo watu wanadhani anapenda kuyasikia.

Daftari la mhudumu

Kuanzia Januari 2024 serikali ina mpango wa kuwaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika kipindi cha miaka mitano, yaani wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa nchini. Kijiji ambacho bado hakijapata wake kisikae kusubiri. Kichague mwanamke mmoja na mwanamume mmoja kwa kila kitongoji, watu wanaosoma na kuandika, wanaoaminiwa kuingia katika nyumba za wengine, na wanaoishi humohumo kitongojini. Uchaguzi ufanyike katika mkutano wa kitongoji. Mtu aliyependekezwa na kiongozi mmoja hufungiwa milango kimyakimya, na hatajua kwa nini.

Chombo chao kikuu ni daftari. Kila kaya ipewe ukurasa wake wenye jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, watoto walio chini ya miaka 5, maji yanakochotwa, hali ya choo, kama kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia mikono kando ya choo, kina maji na sabuni siku ya ziara, na nani ameharisha tangu ziara iliyopita. Daftari bora nililopata kuliona lilikuwa la mama mmoja aliyelivika nailoni ya mfuko wa sukari, akiandika kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka mvua inapomkuta njiani. Kwenye ukurasa wa kaya moja alikuwa ameandika: «choo kipo, hakitumiki, mbuzi wamefungwa ndani». Fomu ya kawaida ingesema kwamba kaya hiyo ina choo, na takwimu za kijiji zingependeza. Wafundisheni wahudumu wenu kuandika kile wanachokiona kwa macho, na msiwakemee wanapoleta habari mbaya, kwani anayekemewa mara moja hataileta tena.

Daftari si la kusomwa hadharani. Mkutanoni zitajwe idadi za kitongoji, kamwe si majina ya wenye nyumba.

Maji: mtu mmoja, chupa moja, saa ileile

Hapa ndipo juhudi nyingi zinapopotea. Vijiji hupokea vidonge vya kutibu maji wakati wa mlipuko, watu huvitumia kwa wiki mbili, halafu mambo hurudi yalivyokuwa. Kinachodumu ni kuweka klorini mahali pa kuchotea, kazi ikasimamiwa na chombo cha watumia maji chini ya uangalizi wa afisa afya wa kata na wataalamu wa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu mtendaji anayezielewa hesabu hizi hawezi kuuziwa wala kudanganywa.

Klorini ya unga inayouzwa kwa ajili ya maji huwa na nguvu ya takriban asilimia 70. Gramu 15 za unga huo, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chakula kilichosawazishwa, zikikorogwa katika lita moja ya maji safi hutoa mchanganyiko mama wenye nguvu ya asilimia 1. Mchanganyiko uandaliwe nje penye hewa, mtu akiwa amevaa glavu, katika chombo cha plastiki, na unga utiwe kwenye maji. Kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Uhifadhiwe katika chombo kisichopitisha mwanga, mbali na watoto, na uandaliwe upya kila wiki.

Kiasi cha kutia hutegemea maji yenyewe, hivyo ni lazima kupima. Chukueni ndoo nne za plastiki za lita 20, zijazeni maji ya chanzo hichohicho, kisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano tieni mililita 1 ya mchanganyiko mama katika ndoo ya kwanza, 1.5 katika ya pili, 2 katika ya tatu na 5 katika ya nne. Korogeni na kusubiri dakika 30. Halafu chukueni maji kidogo ya kila ndoo katika kipimio, tieni kidonge cha kupimia na linganisheni rangi: kadiri klorini iliyobaki ilivyo nyingi, ndivyo maji yanavyozidi kuwa na rangi ya waridi. Ndoo inayotakiwa ni ile iliyobakiwa na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Kama ni ile ya mililita 2, basi tanki la lita 5,000, ambalo ni sawa na ndoo 250, litahitaji mililita 500, yaani nusu lita ya mchanganyiko mama. Maji yenye tope yachujwe au yaachwe yatulie kwanza, kwa sababu uchafu hula klorini kabla haijawafikia vimelea, na kipimo kirudiwe mvua zinapoanza, maana maji ya kisima hubadilika.

Mpeni kazi hii mtu mmoja wa kila chanzo, na naibu wake, na waifanye watu wakiona. Kaskazini mwa Msumbiji neno la klorini na neno la kipindupindu hukaribiana kwa Kireno, na zaidi ya mara moja imezuka hofu kwamba wanaotia dawa kwenye maji ndio wanaoleta ugonjwa. Wahudumu wameshambuliwa kwa sababu hiyo. Mtu akimwona shangazi yake akipima, akikoroga na kuyanywa maji hayohayo, uvumi hukosa pa kushika. Anayeulizwa kwa nini maji yana harufu ajibu kwa utulivu, hata kama ni mara ya ishirini kwa siku.

Nyumbani, maji yaliyotibiwa huchafuliwa tena na kikombe kinachochovywa kwa mkono. Ndoo yenye bomba, au dumu la mdomo mwembamba, ni ununuzi wa maana kuliko mabango.

Vyoo, na kwa nini faini haitoshi

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchini, na baada ya kila kipindi wanakikundi walijadiliana na kukubaliana wenyewe kitu cha kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Ninaitaja kwa sababu ya mbinu yake. Watu walijenga baada ya kuelewana, na majirani walisaidiana kuchimba. Sheria ndogo za kijiji zinahitajika, hasa kwa mwenye nyumba za kupangisha anayekusanya kodi ya vyumba kumi kwenye uwanja usio na choo, na kwake faini itozwe bila huruma. Kwa bibi anayeishi na wajukuu, faini itazaa shimo la futi mbili lililozungushiwa majani kwa ajili ya siku ya ukaguzi. Kwake yeye kijiji kitoe vijana wa kuchimba.

Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye kisima, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kwenye mchanga wa ufukweni shimo hubomoka, kwa hiyo kuta zijengewe mawe au matofali. Penye mwamba au maji ya karibu, choo kiinuliwe juu ya ardhi. Sakafu isiribwe ili iweze kuoshwa, na tundu liwe na mfuniko. Kando yake pafungwe kibuyu chirizi: dumu la lita tano lenye tundu dogo, kamba na kijiti cha kukanyagia, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye soksi au wavu. Pasipo sabuni, majivu yatumike.

Kambi za wavuvi zinahitaji mpango wa peke yake. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza na hupumzika wakati wa mbalamwezi, kwa hiyo mhudumu anayekwenda kambini asubuhi ya siku za giza atawakuta wamelala au wanaanika dagaa, na hatasikilizwa. Apange ziara zake kwa mwezi wa angani. Tena wavuvi huhama, leo wapo hapa na kesho kisiwani, na huweza kuubeba ugonjwa kabla hawajajua kuwa wameambukizwa, maana dalili hujitokeza kati ya saa chache na siku tano, na wengi hawaoni dalili yoyote ilhali choo chao kina vimelea. Choo cha mwalo kigharimiwe na wenye mitumbwi pamoja na wanunuzi wa dagaa, kipewe msafishaji anayelipwa, na malipo yake yasimamiwe na uongozi wa mwalo.

Fedha: ziandikwe kwenye mpango kabla ya kuombwa

Kinga hukosa fedha kwa sababu ushindi wake hauna picha. Jengo jipya la zahanati lina utepe wa kukata. Mwaka uliopita bila mgonjwa hauna. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kinga iwe na kifungu chake katika bajeti ya kijiji, chenye mafungu yaliyoandikwa: unga wa klorini, vidonge vya kupimia, ndoo, sabuni ya shule na zahanati, madaftari, muda wa maongezi wa simu, mafuta ya pikipiki na posho ya wahudumu.

Kuhusu posho sitapindisha maneno. Mtu anayezitembelea kaya 60 kwa miguu huku shamba lake likiota magugu hawezi kuendelea miaka miwili kwa kusifiwa. Kijiji kikishindwa kulipa fedha taslimu kila mwezi, kimpe nafuu inayoeleweka, kama vile kumwondolea michango na kazi za kujitolea za kijiji, kumlimia ekari moja msimu wa kilimo, au kumlipia bima ya afya ya familia. Makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Vyanzo vipo zaidi ya kimoja. Mapato ya kijiji yenyewe ndiyo ya kuanzia, hata yakiwa madogo, kwani anayeomba akiwa ametanguliza chake husikilizwa. Mfuko wa maji unaotokana na malipo ya watumiaji unapaswa kubeba gharama ya klorini, sawa na unavyobeba vipuri vya pampu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, na kamati ya usimamizi wa kituo, ambayo ina wawakilishi wa wananchi, ina sauti katika mpango wa matumizi. Wajumbe wenu wahakikishe kwamba pakiti za chumvichumvi za kumrudishia mgonjwa maji mwilini, dripu na klorini zimo katika mpango huo, na waombe kuona taarifa ya matumizi kila robo mwaka. Kwa halmashauri, pitieni kwa diwani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini vipaumbele hukusanywa miezi mingi kabla, hivyo maombi ya kijiji yawe yamefika kwenye kata ifikapo Oktoba, yakiambatana na ile karatasi yenye alama na idadi kutoka kwenye madaftari. Ombi lenye idadi ya kaya zinazokunywa maji ya ziwa moja kwa moja ni gumu kuliweka kando kuliko ombi linalosema kwamba hali ni mbaya.

Mapato na matumizi yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu. Wananchi waliosomewa bei ya klorini huuliza imenunuliwa kiasi gani, na swali hilo ni ulinzi.

Taarifa itoke siku hiyohiyo

Kubalianeni mapema juu ya dalili zinazomlazimu mhudumu kupiga simu bila kusubiri ruhusa ya mtu: mtu yeyote aliyevuka miaka miwili anayeharisha majimaji mengi hadi kuishiwa nguvu, hasa yakiwa kama maji yaliyooshewa mchele, watu wawili wa nyumba moja walioanza kuharisha hivyo ndani ya wiki moja, au kifo cha mtu aliyekuwa akiharisha. Simu ya kwanza iende kwa mganga mfawidhi wa zahanati, ya pili kwa mtendaji, na mganga aiarifu timu ya afya ya halmashauri siku hiyohiyo. Namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Majibu ya maabara yatafuata. Kutibu maji na kumnywesha mgonjwa hakuyasubiri.

Wapo viongozi wanaochelewesha taarifa kwa kuhofia mwalo kufungwa na biashara kusimama. Nimeyashuhudia hayo katika kijiji kimoja ambacho sitakitaja, na siku nne zilizofichwa zilivipa ugonjwa vitongoji vitatu. Wafanyabiashara waelezwe hili kiangazi, wakiwa wametulia, kwamba kufunga genge moja kwa siku tatu ni hasara ndogo kuliko kufunga mwalo mzima kwa mwezi.

Kila kitongoji kiwe na nyumba moja, ya mhudumu au ya jirani yake, yenye pakiti za chumvichumvi, maji yaliyotibiwa, kikombe na ndoo ya kunawia. Pakiti ikorogwe kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi vitamsaidia mgonjwa wakati anapelekwa zahanati. Aanze kunywa palepale, aendelee njiani, na mama anayenyonyesha asimwachishe mtoto. Anayeshindwa kunywa, aliyezama macho au aliyelegea apelekwe mara moja, kwani huyo anahitaji dripu.

Msiba wa aliyefariki kwa ugonjwa huu ni jambo zito, na nimeona vijiji vikigawanyika kwa sababu yake. Zungumzeni na masheikh, mapadri na wachungaji kabla ya msimu, mkubaliane kwamba maiti itaoshwa na kusitiriwa chini ya maelekezo ya afisa afya kwa kutumia klorini, kwamba aliyeiosha hatapika wala kupakua, na kwamba chakula cha pamoja kitaahirishwa. Familia ikiyasikia hayo kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu aliyevaa glavu mlangoni, itaona imedharauliwa. Ikiyasikia kutoka kwa sheikh wake, itauliza tu kaburi litachimbwa saa ngapi.

Chanjo ya kumeza ya kipindupindu ipo, na ikiletwa watu wahamasishwe kuipata. Lakini tangu Oktoba 2022 uhaba duniani umelazimisha kutolewa dozi moja badala ya mbili wakati wa milipuko, na kinga ya dozi moja ni ya muda mfupi, kwa hiyo kazi ya klorini na vyoo isisimame hata wiki moja kwa sababu chanjo imefika.

Mvua zikikatika

Mwezi Juni kamati ikutane na wahudumu wote, madaftari yakiwa mezani. Hesabuni kaya zilizopata choo tangu mwaka jana na zile ambazo vyoo vyake vilibomoka na mvua, halafu rudini kwenye karatasi kubwa mkabadilishe alama. Kagueni unga wa klorini uliobaki, kwani hupoteza nguvu ukikaa, hasa kwenye joto na unyevu. Utumieni kusafishia matanki, na mwagizeni mtunza stoo aandike tarehe ya ununuzi kwenye kila kopo jipya litakaloingia Septemba, kabla ya vuli.